Maji ya Kumbakiza Fonsi

Alhamisi, 10 Agosti

Daftari langu mpendwa, salaam sana. Natumaini barua hii itakukuta mzima, hapo mezani ulipo. Ukitaka kujua hali zetu, sote tu wazima isipokuwa joto. Mume wangu Eugenio anakusalimu, ingawa hajui kama upo. Mama mkwe wangu Obdulia anakusalimu. Ana miaka themanini na minane, meno si yake lakini maneno yote ni yake. Mwezi wa sita alichungulia kisimani, akaangusha ufunguo mmoja wa mlango wa mbele. Sasa tumebaki na mmoja tu, mkubwa kama mwiko, na kila mtu anajua ulipo: mfukoni mwa aproni yangu. Mwanangu Ildefonso, Fonsi wetu, anakusalimu. Kobe wetu Sultani anakusalimu kutoka chini ya mtini. Jirani yetu Leocadia nisingemtaja. Ila Sista aliyetufundisha alisema barua isiyosalimia jirani ni ya mtu asiye na adabu. Haya. Leocadia naye.

Nilisoma miaka minne. Nikajua kuandika barua na kuhesabu mayai. Shajara sikufundishwa. Ukiona nimekosea, nivumilie.

Wewe ni zawadi kutoka kwa Iria, mchumba wa Fonsi. Ni mwalimu wa watoto wadogo huko Coruña, kaskazini kabisa, ambako mvua haikatiki. Alikuja Toledo mwaka juzi kutembea siku mbili, akaingia kwenye karakana ya Fonsi kutazama hereni, akatoka na moyo wa mwanangu. Ananiambia nikuandikie yanayonisumbua, nitapumua. Basi sikiliza linalonisumbua. Ni yeye.

Fonsi ana miaka thelathini na minne. Kazi yake ni kulaza uzi wa dhahabu kwenye chuma cheusi, nakshi zile zile walizotuachia Waislamu wa zamani. Nikifua mashati yake naona dhahabu kwenye povu. Nani ataniletea dhahabu kwenye povu akiondoka?

Maana leo wakati wa chakula amesema, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, kwamba sonara mmoja wa Coruña yuko tayari kumchukua. Kijiko kikanitoka. Nikamuuliza lini. Akasema bado, kwa sababu hawana pa kukaa. Nyumba za kule hazishikiki kwa bei. Mama yake Iria ana nyumba ya vyumba viwili, na kimoja analala yeye, na anakoroma mpaka jirani anagonga ukuta.

Mungu aibariki nyumba ile ndogo! Mungu aubariki mkoromo ule!

Jumamosi wanakuja, Iria na mama yake, Carmiña, kwa ajili ya sikukuu ya Bikira. Mpango wangu nimeshaupata nikiosha vyombo. Sitamshika binti. Nitamshika mama. Mama akiipenda Toledo, atahamia Toledo. Binti atamfuata mama yake. Mimi mwenyewe nilipoolewa nilimfuata mama yangu, hatua arobaini kutoka mlango hadi mlango.

Ijumaa, 11 Agosti

Nimefagia chumba cha chini tangu asubuhi. Ndoo saba za vumbi. Buibui mmoja mkubwa nimemwacha, anapendeza.

Tatizo ni Leocadia. Leocadia ana tao. Tao lenye umbo la kiatu cha farasi, katikati ya ukumbi wake wa kulia, na maandishi ya Kiarabu juu yake. Wageni wanaopita mtaani huomba kuliona, naye hufungua mlango kama malkia. Miaka thelathini ananiambia tao lile lilikuwa la kadhi. Mimi nina nini? Humo chumbani chini nina kisima, unyevunyevu, na shimo ukutani. Mtaalamu wa manispaa alikuja zamani, akamulika tochi, akasema shimo ni la kuwekea makaa, halina hata miaka mia. Sikumpa kahawa.

Nimeamua shimo ni bafu la maharusi wa Kiyahudi. Eugenio akaniuliza nimeamua au nimejua. Nikamwambia apande juu.

Saa tisa mchana mji wote umelala. Jua limelala juu ya mapaa, mbwa wamelala, kengele zenyewe zinapiga kama zinapiga miayo. Nikakaa kwenye ukingo wa kisima kupumzisha miguu. Ubaridi unapanda kutoka majini, taratibu, kama pumzi ya mtu.

Nikaota. Wanawake watatu wamekaa nami kisimani, wanateka maji. Mmoja kajifunga ushungi, mmoja kitambaa cheupe, mmoja kavaa rozari kama yangu. Kamba ni moja, wanapokezana. Hawakushangaa kuniona. Wa kwanza akasema mwanangu alikwenda Fez, kusini kwa Waislamu wenzake. Wa tatu akasema wangu alipanda merikebu kwenda ng'ambo ya bahari kubwa. Wa kati akasema wangu aliondoka na ufunguo wa nyumba, ndipo nikajua moyo wake umebaki mlangoni. Kisha wakanigeukia, kwa upole kabisa. Na wako je, shoga?

Nikamuuliza yule wa ufunguo kama mwanawe alirudi. Akaendelea kuvuta kamba.

Nimeamshwa na Obdulia akiita kutoka juu kwamba dengu zinaungua. Zimeungua.

Jumamosi, 12 Agosti

Wamefika! Carmiña ni mama mnene, mjane, uso mwekundu, ameshika mwavuli. Mwavuli, mwezi wa nane, Toledo! Leocadia aliona kutoka dirishani, akauliza kwa sauti ya mtaa mzima kama wageni wangu wanatarajia gharika.

Iria amenikumbatia muda mrefu. Ananukia sabuni ya watoto. Ni msichana mzuri, na hiyo ndiyo shida. Angekuwa mbaya ningekuwa na wa kunisaidia.

Baada ya chakula nikawashusha chini. Mishumaa kumi na miwili. Nilikuwa nimemwambia Eugenio aimbe kidogo, taratibu, nyuma ya mlango, chochote cha kale. Akaimba wimbo wa timu ya mpira. Nikaendelea. Nikasema kwenye kisima hiki dini tatu zilikunywa kwa kamba moja. Hilo limetoka ndotoni lakini nililisema vizuri, Carmiña akaweka mkono kifuani. Nikasema na hapa, ndugu yangu, kwenye shimo hili takatifu, mabinti wa Kiyahudi walioga kabla ya harusi.

Obdulia, ambaye sikumwalika, akasema kutoka kwenye ngazi kwamba hapo yeye mwenyewe alichota makaa kwa koleo tangu siku aliyoolewa, na kama kuna bibi harusi aliyeoga humo basi alitoka mweusi.

Wakacheka! Fonsi alicheka mpaka akashika ukuta. Carmiña akasema, akijifuta macho, kwamba hata hivyo pananukia kama kwao, unyevunyevu, na kwamba amejisikia nyumbani. Nikaona hapo kuna mlango.

Mlango ukafungwa papo hapo. Leocadia akabisha hodi na tikiti maji. Akasema amepita tu kuwasalimu wageni, na kama bibi angependa kuona tao la kadhi, ni hatua nne. Carmiña akaenda! Alisimama chini ya lile tao nusu saa nzima, mdomo wazi, huku Leocadia akimsomea maandishi ya Kiarabu. Leocadia hajui herufi moja ya Kiarabu! Nikamwambia kwa sauti ndogo kwamba kusingizia mawe ni dhambi. Akanijibu kwa sauti ndogo vile vile kwamba kusingizia makaa nako.

Jumapili, 13 Agosti

Baada ya misa nimewatembeza mwenyewe. Nimezaliwa hapa, sihitaji ramani.

Nilianza na ile sinagogi yenye nguzo nyeupe. Nikamweleza Carmiña kwamba Wayahudi waliiomba, mafundi wa Kiislamu wakaijenga, Wakristo wakaipa jina la Maria, na wote watatu walikuwa na macho ya kuona uzuri, ila ya kuonana hapana. Carmiña akakaa kwenye benchi. Akasema mwanga humu ndani ni kama maziwa. Kweli, ni kama maziwa. Matao yanafuatana mpaka hujui uko safu gani, na ukikaa kimya unaona kama yanakusogelea. Tulikaa kimya, mama wawili, viatu tumevua. Sikuwa na mpango wowote kwa dakika kumi. Zilikuwa dakika nzuri.

Kisha tukapotea.

Sijui ilikuwaje! Nilikuwa nasimulia, vichochoro vinapinda, kuta zinakaribiana juu mpaka mbingu inakuwa utepe, nami nikawa naona wale wanawake watatu wakitangulia kila kona, nikawa nawafuata. Tulipita mlango wa masista wanaotengeneza mazapani, vile vitamu vya lozi, mara tatu. Mara ya tatu sista wa mlangoni akatuuliza kama tunanunua au tunafanya hija. Fonsi akaninong'oneza kwamba mama, wewe umeishi hapa miaka sitini na mmoja. Nikamwambia anyamaze, nawaonyesha mji kwa undani.

Na kila kona, Leocadia! Mara anatoka kununua mkate, mara anatoka kumtazama mgonjwa, mara anatupungia kwa upepeo wake. Mwishowe yeye ndiye aliyetuelekeza njia ya kurudi nyumbani. Kwangu! Mtaa wangu!

Lakini Carmiña aliniambia usiku mwema kwa kunishika mikono yote miwili. Akasema Coruña mitaa yote inaishia baharini kwa hiyo mtu hapotei kamwe, na kwamba hajawahi kupotea tangu mumewe afe, na leo kapotea, na kapumzika.

Nalala nikitabasamu.

Jumatatu, 14 Agosti

Kesho ndiyo kesho. Sikukuu ya Bikira wa Sagrario, somo wangu, maana ndilo jina langu. Kesho kwenye ua wa kanisa kuu wanapanga magudulia yamejaa maji ya kisima cha kanisa, na mji mzima unapanga foleni kunywa. Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema kwamba mgeni akinywa maji yale mara tatu, bila mdomo wa gudulia kugusa midomo yake, hatalala usingizi mtamu mahali pengine popote duniani. Baba yangu alikuwa mgeni, mtu wa Ávila. Alikunywa mara tatu. Hata kumzika tumemzika hapa.

Carmiña miguu imevimba kwa joto, foleni hataiweza. Basi nitamletea nyumbani. Nimenunua gudulia jipya, jeupe, zuri, mkono kama sikio la bibi. Nikalionyesha. Eugenio akasema gudulia jipya haliwezi kutumika, maji yatakuwa na ladha ya udongo. Ni kweli, kila mtu anajua, jipya hulazwa kwanza siku kadhaa na maji yenye tone la pombe ya anisi ndipo ladha ya udongo iishe. Nikamwambia alifanyie hivyo, litatumika mwakani. Kesho nitachukua lile kuukuu lenye pengo.

Amelijaza, ameliweka chini kwenye ukingo wa kisima. Nilimsikia akimimina. Tone la Eugenio ni refu kidogo.

Leocadia ameulizia kama wageni wangu wanaondoka Alhamisi. Nikasema tutaona. Akasema ana chumba cha juu kitupu, kinatazama mto, ni kwa kunijulisha tu. Nikasema asante. Hiki nacho nimekiweka akilini: chumba kwa Carmiña! Hata Leocadia ana matumizi.

Jumanne, 15 Agosti. Sikukuu!

Imefaulu! Imefaulu, imefaulu!

Nilikuwa kanisani kabla kengele hazijaanza, na lile gudulia lenye pengo. Nikalijaza maji ya Bikira. Nikamwambia Bikira, wewe ni mama, nawe ulimwona wako akiondoka, kwa hiyo tuelewane. Nikarudi, nikaliweka kisimani lipoe.

Chakula: kware wa mchuzi. Carmiña alikula wawili. Saa nane na nusu, mapazia yameshushwa, chumba kijani kama chini ya maji, nikasema sasa tunywe maji ya sikukuu. Nikamtuma Obdulia, kwa kuwa ndiye pekee aliyekuwa amesimama. Akaleta gudulia. Nilikuwa nimemshika Carmiña mkono, namweleza jinsi ya kunywa: linyanyue juu, fungua kinywa, maji yaje kama uzi, usiguse. Usiguse!

Mara ya kwanza uzi ulimwingia puani. Mara ya pili kifuani. Fonsi akasema Mama Carmiña, wewe unamwagilia bustani. Carmiña akasema mwanangu, mimi nimenyeshewa na mvua miaka sitini, siogopi hili. Akajaribu tena. Akaweza! Akanywa. Akapumua. Akasema maji haya matamu! Matamu kama peremende za utotoni! Akanyanyua tena. Mara ya pili. Ya tatu. Nikahesabu kwa vidole chini ya meza. Akaendelea, ya nne, ya tano, nani angemzuia? Nikamwambia Iria anywe naye, akasema tumbo limejaa. Mimi sikuonja, nilimwachia mgeni.

Kisha ikaanza. Macho yakamlainika. Akasema kuta zinapumua. Akasema tutoke, haraka, mji unamwita. Saa kumi, jua kali, hakuna hata paka nje! Tulitoka. Tukashuka mpaka pale juu ya mto. Tajo iko chini, kijani, imeuzunguka mji kama mkono umzungukavyo mtoto kiunoni. Mawe yanang'aa kama asali, joto linatetemesha minara, na kwa kweli, Daftari, ilikuwa kama mji wote umenyanyuka kidogo kutoka ardhini na unasubiri mtu auambie uende. Carmiña akakaa juu ya ukuta. Akavua viatu. Akalia vizuri, bila kelele. Akasema mume wake alikuwa mvuvi, na tangu bahari imchukue, kila asubuhi akifungua dirisha anaiona bahari iko pale pale, imenyamaza, haijaomba radhi. Akasema hapa hakuna bahari. Akasema hapa anaweza kufungua dirisha.

Nami nikalia. Nikamshika. Kisha akasema, akiutazama mto: Sagrario, mimi sirudi.

Sirudi! Amesema mwenyewe! Mbele ya Iria!

Binti humfuata mama yake. Asante Bikira. Asante mama. Obdulia anauliza kwa nini naandika huku nacheka.

Jumatano, 16 Agosti

Nimeshuka kisimani kuchota maji ya kupikia. Gudulia lenye pengo liko pale pale. Limejaa. Hakuna aliyeligusa.

Nikatazama gudulia jipya, jeupe, zuri. Tupu. Nikalinusa. Anisi! Nikakaa chini. Nikamwita Eugenio, nikamuuliza alitia tone kiasi gani. Akatazama viatu vyake. Akasema chupa ilikuwa inakaribia kwisha, hakutaka kubakiza.

Nusu chupa! Mgeni wangu, mama mkwe wa mwanangu, amenyweshwa nusu chupa ya pombe kali siku ya Bikira! Nikapanda juu mbio, nikamkuta Carmiña amekwisha amka, amevaa, amechana nywele, anakunywa kahawa. Nikamuuliza anajisikiaje. Kichwa kinagonga, akasema, lakini kidogo. Nikamuuliza anakumbuka alichosema jana. Akasema kila neno, na asubuhi hii amelisema tena kwa Leocadia, na chumba cha juu amekwisha kukichukua, anahamia mwezi ujao.

Mzima kabisa! Akili timamu! Nikamshukuru Bikira, kumbe anafanya kazi hata kwa anisi. Ya gudulia sikumwambia.

Ndipo Iria akaja mbio kutoka chumbani, akanirukia shingoni. Alikuwa analia. Akasema Mama Sagrario, wewe ni malaika. Akasema miaka miwili wamekuwa wakitafuta pa kukaa, na hakuthubutu kumwambia mama yake ahame, na mimi, kwa maji tu na matembezi, nimewapatia nyumba. Vyumba viwili! Vyote viwili vitupu! Fonsi anaweza kuanza kazi kwa sonara hata kabla mwezi haujaisha, mama atalala kwa shangazi yake mpaka afungashe.

Sikuelewa mara moja. Nilikuwa bado natabasamu. Tabasamu lilibaki usoni peke yake kwa muda.

Fonsi akaja polepole, akaniangalia. Yeye ananijua. Akasema mama, ukisema nisiende, siendi.

Daftari, nilikuwa na neno moja tu la kusema. Lilikuwa hapa, mdomoni. Iria alikuwa amemshika mkono, na kwenye kucha za Fonsi kulikuwa na ile dhahabu yake kidogo.

Nikasema nenda, mwanangu, na uvae fulana ya ndani, kule kuna unyevu.

Maji ya Bikira nimemmwagia Sultani kwenye kisahani chake. Amekunywa yote. Toka hapo hajasogea hata unyayo. Angalau mmoja.

Jumapili, 20 Agosti

Sina nguvu ya kuandika. Carmiña na Iria walikwenda Ijumaa kufungasha. Leocadia anapaka chumba cha juu chokaa na anaimba. Ameniletea keki. Keki nzuri, kwa bahati mbaya.

Nilikwenda kwenye kisima saa ya kulala mchana, nikafumba macho nikiwangoja wale watatu. Hawakuja. Nafikiri nao wana kazi zao. Lakini nilipofumbua macho nilikuwa nimeshika mfuko wa aproni, na ndani ya mfuko nimeshika ufunguo.

Aliondoka na ufunguo. Ndipo nikajua moyo wake umebaki mlangoni.

Ah!

Jumatatu, 28 Agosti

Naandika nikiwa nimekaa chini ya tao la kadhi. Ndiyo. Kwa Leocadia. Usiniulize haraka, nitakueleza.

Asubuhi tulitoka wote kumsindikiza Fonsi stesheni. Eugenio kabeba sanduku, Obdulia kashika mkono wangu, mimi wa mwisho. Nikafunga mlango mwenyewe, mizunguko miwili. Stesheni nikamkumbatia mwanangu muda mrefu, mpaka mkuu wa treni akakohoa. Nikiwa nimemkumbatia hivyo, mkono wangu wa kulia ukaingia kwenye begi lake, ukasukuma ufunguo katikati ya soksi. Kwa ustadi! Hakuhisi kitu. Treni ikaondoka taratibu kwenye jua, ikawa ndogo, ikawa uzi, ikawa hakuna. Sikulia. Nilikuwa na siri yangu inanipa joto.

Tukarudi. Tukafika mlangoni. Eugenio akanyoosha mkono.

Mkono ukakaa pale hewani.

Nikasema mmoja uko kisimani. Akasema najua, na mwingine? Nikasema mwingine una amani, unasafiri. Obdulia akakaa kwenye ngazi ya mlango, akasema kwamba tangu nilipoolewa alikuwa akimwambia Eugenio kuna siku, na siku ndiyo hii.

Leocadia alikwisha fungua dirisha, bila shaka. Ameshuka na viti vitatu. Hakucheka, hilo nalisema. Alicheka baadaye, ndani.

Eugenio akasema anamjua fundi wa vitasa, dakika tano, kazi kwisha. Nikamkanyaga mguu. Nikampigia Fonsi kwa simu ya Leocadia. Treni imeshapita mji wa Zamora, katikati ya njia. Akapekua begi, kisha nikasikia soksi, kisha chuma. Akasema mama. Nikasema mwanangu, ni bahati mbaya tu, sijui imekuwaje. Akasema ataurudisha kesho kwa posta. Nikasema hakuna bahasha ya kuingiza ufunguo ule, na posta itaupoteza, na meno ya akiba ya bibi yako yamo ndani, na Sultani yuko uani peke yake na tunamrushia majani ya saladi juu ya ukuta kama mfungwa. Nikadhani simu imekatika. Kumbe anacheka, na ndani ya kicheko kuna kitu kingine, pua zilikuwa zimeziba. Akasema Jumamosi atauleta mwenyewe.

Jumamosi! Siku tano!

Hivyo fundi wa vitasa asiitwe. Nimeapa. Mlango ukifunguka, Fonsi atakuja kufanya nini? Tutalala kwa Leocadia, Obdulia kwenye kochi, mimi na Eugenio chini ya tao. Leocadia ameanza kunisomea yale maandishi. Leo anadai yanasema karibu mgeni. Wiki iliyopita yalisema Mungu ni mkuu. Sitamrekebisha mpaka Jumamosi.

Nalala hapa natazama juu. Tao linapinda kama mtu aliyeinama kukufunika shuka. Ni zuri, Daftari. Usimwambie mtu. Nyuma ya ukuta huu kisima changu kiko gizani na mimi sipo, labda wale watatu wamerudi, wanavuta kamba na kuulizana nimekwenda wapi. Yule wa kati hakunijibu kama mwanawe alirudi. Nadhani hasikii vizuri. Au hakumpigia simu.

Akija Jumamosi nitamtilia begini miwani ya Eugenio. Baada ya hapo tuna meno ya Obdulia, yale ya kila siku. Tukifanya kwa mpangilio, kila wiki kitu kimoja, vitu vya nyumba hii vinatosha mpaka Krismasi.

Sina zaidi. Wasalimie wote hapo ulipo, maana safari hii uko mfukoni mwa aproni, mahali pa ufunguo. Nijibu upesi, kabla ya Jumamosi ikiwezekana. Na kama unajua chochote kuhusu yule mwana wa ufunguo, niandikie hata mstari mmoja.